Mama Mzima Anakimbia

Jumatatu ya Pasaka iliyopita, sebuleni kwangu hapa Bagara, tulikuwepo watu hawa. Regina, mzaliwa wangu wa kwanza, nesi huko Dodoma, alikaa karibu na mlango kwa sababu anapenda upepo. Emanueli, wa pili, fundi umeme, alikaa chini kwenye mkeka na miguu ameinyoosha. Anjelina, kitinda mimba, hakukaa, alikuwa anaingia na kutoka jikoni akionja kila sufuria. Mama Swaumu alikaa kwenye kiti chake, nasema chake kwa sababu hakuna mwingine anayekikalia. Huyu ni jirani yangu, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, Pasaka anakula kwangu na Idi nakula kwake. Wajukuu walikuwepo Brayani na Glori, watoto wa Emanueli, na Yuliana wa Regina, aliyepewa jina langu. Mume wangu, Baba Regina, ni marehemu miaka mingi sasa. Na wifi yangu Marselina wa Magugu, dada yake Baba Regina, hakuwepo kwa mara ya kwanza. Tulimzika kabla ya Kwaresima, na ndiyo maana watoto walikubaliana wote warudi nyumbani Pasaka hii, nisikae peke yangu nikiangalia mahali alipozoea kukaa.

Tulikuwa tunakula wali na kuku, mazungumzo yakawa ya Brayani. Asubuhi ile nilikuwa nimemwamsha twende kutembea, kama ninavyofanya na mjukuu yeyote anayelala kwangu, naye akajifunika shuka kichwani akasema, "Bibi, leo sikukuu, hata miguu inapumzika." Watu wakacheka. Baba yake hakucheka sana. Akasema, "Wewe unalalamika kutembea. Sisi na shangazi zako tulikuwa tunaamka giza halijaisha tukimbie na bibi yako, tusije tukagawanywa." Regina akamwambia, "Ema, kula." Akajibu, "Nimekula. Shangazi Marselina ameshapumzika, na mama yuko hapa. Acha ajue." Nikauliza, "Kugawanywa na nani?" Anjelina alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Ndiye aliyesema, taratibu, kama mtu anayekariri sala: "Mimi niende Magugu kwa shangazi. Ema aende Mbulu kwa baba mkubwa, akachunge. Dada Regina abaki jikoni kwako, asiende sekondari. Tulisikia yote, mama. Tulikuwa chini ya dirisha tunaosha miguu."

Nikaweka sahani chini. Maneno yale mimi nilikuwa nayajua, maana yalisemwa nikiwa chumba cha pili nimelala mgonjwa. Nilichokuwa sikijui, na nimeishi na watoto hawa mpaka wamekuwa watu wazima wenye watoto wao, ni kwamba na wao walikuwa wanayajua. Tangu siku ile naukumbuka upya mwaka wote ule, kama mtu aliyeishi ndani ya nyumba miaka yote halafu akaonyeshwa chumba ambacho hakuwahi kukifungua. Ndiyo naandika. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mtanivumilia.

Ulikuwa mwaka ule Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara. Sisi tuliokuwa hapa tangu zamani tulishangaa. Mji tuliouzoea, wa wakulima na mnada na vumbi, ghafla ukajaa watu wa ofisi wenye mafaili kwapani wanaotafuta vyumba vya kupanga. Wakaja Wachaga na maduka yao, wakaja watu wa Singida na Arusha, mafundi ujenzi, makarani, madereva, na wote hao walikuwa na njaa. Nilikuwa na banda la chakula kando ya barabara kuu, mabati matatu na mabenchi mawili, na kabla ya mwaka ule nilikuwa napika sufuria moja ya maharage na kurudi nayo nyumbani haijaisha. Sasa nikawa napika ugali, wali, maharage, makande, perege wa ziwani, chapati za asubuhi, na bado watu wanasimama na sahani mkononi. Nilikaa kwenye kigoda changu kati ya mafiga kutwa nzima, nageuza huku, naonja kule. Na kuonja kwangu kulikuwa bakuli. Nikanenepa. Watu wakanisifu, wakasema, "Mama Regina, mkoa umekukubali." Nilifurahi kusikia hivyo. Sikujua kwamba mtu anaweza kusifiwa huku anazama.

Siku moja mchana, banda limejaa, nikainama kuchukua mwiko, dunia ikageuka. Ninachokumbuka ni sauti ya karani mmoja, Deogratiasi, mtu wa Bukoba, akisema, "Mama, mama, moto." Nilikuwa nimeangukia ukingo wa sufuria ya makande, na kovu lake ninalo mpaka leo kwenye mkono wa kushoto. Wakanipeleka zahanati. Daktari alikuwa kijana, anaitwa Elibariki, akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha, akapuliza, akaangalia, akanyamaza. Mimi daktari akinyamaza ndipo ninapoogopa. Akaniambia presha iko juu sana, na kwamba nikiendelea hivi, safari ijayo nitapata kiharusi, upande mmoja wa mwili ulale, labda nisiamke kabisa. Akanipa vidonge, akanikataza chumvi, halafu akasema nifanye mazoezi.

Nikamwambia, "Baba, mimi nasonga ugali wa watu wa mkoa mzima. Nachota maji, napasua kuni. Hayo si mazoezi?"

Akasema, "Hiyo ni kazi, mama. Tena siku hizi nasikia unaifanya umekaa. Moyo wako unataka kukimbia kidogo, utoke jasho, kila siku."

"Nina watoto watatu, mume wangu yuko barabarani na lori, banda linafunguliwa alfajiri. Nikimbie saa ngapi?"

"Kimbia na hao watoto," akasema, kama vile ni jambo dogo. "Wao wanakimbia tu siku zote. Wewe wafuate."

Nilirudi nyumbani nikalisimulia hilo wakati wa chakula cha jioni kama kichekesho. Wote tukacheka, na Anjelina, ambaye wakati ule alikuwa hajaanza hata kuandika jina lake vizuri, akacheka mpaka ugali ukamtoka mdomoni.

Siku iliyofuata wifi Marselina akaja kutoka Magugu kuniangalia, na mchele wake wa kule kwenye kiroba, maana hakuwahi kuja mikono mitupu. Baba Regina naye alikuwa amefika na lori. Niko chumbani nimelala, mlango wa pazia, nasikia mchele unachambuliwa kwenye ungo, shii, shii, na juu ya sauti ile wifi anaongea. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Mama yao mzazi alilala upande mmoja kwa miaka, na yeye Marselina ndiye aliyemgeuza na kumwosha mpaka mwisho. Aliyajua hayo mambo kwa mikono yake. Alisema, "Kaka, ukingoje mpaka aanguke, watoto watahangaika. Anjelina nimchukue mimi. Emanueli aende Mbulu kwa kaka mkubwa, ng'ombe wapo. Regina akimaliza la saba abaki hapa, mama yake atahitaji mtu wa kumgeuza." Baba Regina alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema tu, "Tusubiri shule zifungwe Desemba. Tutaona." Nikageukia ukutani. Kilichoniuma zaidi si kufa, ni lile neno la kumgeuza. Nilimwona Regina wangu, ambaye alikuwa wa kwanza darasani, amekaa pembeni ya kitanda changu mpaka nywele zinabadilika rangi.

Huko nje, chini ya dirisha, nilisikia maji yanamwagika kwenye beseni. Nilidhani watoto wanacheza na maji. Niliwapigia kelele wasiyamalize.

Asubuhi yake, wifi ameondoka na basi la kwanza na Baba Regina ameingia njia ya Kondoa, naamka namkuta Emanueli amesimama kando ya kitanda amevaa yeboyebo zake za plastiki. Akasema, "Mama, daktari alisema." Nyuma yake Regina amemshika Anjelina mkono. Nikawaambia wakalale. Hawakuondoka. Nikawatisha na fimbo, hawakuondoka. Leo nafikiria zile nyuso tatu kwenye mwanga wa kibatari, naona kitu ambacho siku ile sikukiona. Niliona watoto watukutu. Basi nikajifunga kanga moja kiunoni na nyingine kifuani, nikatoka nao, nikaanza kukimbia njia ya mashambani, mbele mimi, nyuma wao.

Sasa niwaambie kitu kuhusu kwetu. Mkoa huu ni wa wakimbiaji, vijana wa kuanzia Mbulu mpaka Katesh wamekimbia nchi za watu wakarudi na medali, kwa hiyo kijana akipita mbio na kaptula hakuna anayegeuza shingo. Lakini mama mzima hakimbii. Mama mwenye watoto akionekana alfajiri anakimbia na kanga kifuani na watoto nyuma, ni moto au ni msiba, na kama hakuna moshi, basi. Tena wote walijua mume wangu ni dereva, na wote walijua ile milima ya Kolo kwenye njia ya Kondoa inavyoyaangusha malori. Mzee Bura, jirani yetu wa upande wa chini, alikuwa nje anapiga mswaki wa mti. Akatuona tunapita. Hakuuliza, kwa sababu kwetu mtu anayekimbilia msiba haulizwi, anafuatwa. Akatema mate, akaingia ndani kuamsha mke.

Mimi nilifika kwenye kona ya shamba la mbaazi, pumzi zikaisha. Nikarudi natembea, mkono kifuani, kanga imenilegea, Regina amenishika huku, Emanueli kule. Mnaona picha yenyewe. Tulipofika nyumbani uani kulikuwa na mabenchi. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, wamekuja na kuni zao na unga wao, moto umeshawashwa, wanaume wamekaa upande wao wameinamisha vichwa. Mama Swaumu akanikumbatia, analia. "Pole, Mama Regina. Pole, mwenzangu. Mungu alitoa."

Nikashtuka. Nikauliza, "Nani amekufa?"

Mama Swaumu akawageukia wenzake. "Ameanza kupotewa," akasema. "Mkalisheni kwanza."

Wakanikalisha. Nikauliza tena, nani amekufa, na wao wanalia zaidi. Ni Anjelina aliyesema, kwa sauti ya mtoto anayetaka kusifiwa, "Tulikuwa tunafanya mazoezi."

Mzee Bura akainua kichwa. "Mazoezi ya nini, mjukuu wangu?"

"Ya moyo wa mama."

Mzee Bura akaliangalia benchi alilolibeba kichwani kutoka kwake. "Basi," akasema, "hata mimi nimefanya ya moyo wangu." Hapo ndipo wanawake walipoanza kucheka, kwanza mmoja na kanga mdomoni, halafu wote, mpaka wengine wakakaa chini. Ule unga wa msiba tukaupikia uji, tukanywa pamoja, na banda langu siku ile lilifunguliwa jua limeshapanda, makarani wa mkoa wamepanga foleni wakilalamika.

Lakini habari ilikuwa imeshapanda basi. Kabla ya mchana wifi Marselina akateremka pale kituoni na kanga nyeusi kichwani, analia jina la kaka yake njia nzima, akanikuta nachota maharage. Alisimama. Akaniangalia mimi, akaiangalia ile sahani. Sijawahi kuona mtu anayefurahi na kukasirika kwa wakati mmoja kiasi kile. Akasema, "Wifi, unakimbia barabarani kama mtu mwenye mapepo, umeniulia kaka yangu akiwa hai." Nikaeleza habari ya daktari. Hakutaka kusikia. "Mwanzo nilidhani ni mwili tu. Kumbe na kichwa. Desemba nakuja kumchukua mtoto, na safari hii simwombi mtu." Alisema hayo mbele ya wateja, na mbele ya Emanueli aliyekuwa amekuja kuchukua chapati. Baba Regina mwenyewe alikuja kuyasikia njiani. Aliporudi, kila kituo cha mafuta watu wanamshika mkono wanamgeuza kama mbuzi mnadani, wanamwita Lazaro, na jina hilo alikufa nalo.

Nilitaka kuacha. Aibu ni kitu kizito kuliko kilo. Jioni ile Mama Swaumu akaja na bakuli la visheti, akakaa, akasema, "Wewe Mama Regina, kosa lako si kukimbia. Kosa lako umekimbia kimya. Msiba ndio unakimbiwa kimya. Watoto watangulie, waimbe mchakamchaka kama wa shuleni, nani atalia?" Hakuna mtoto wa Tanzania asiyejua mchakamchaka, zile mbio za asubuhi za shule zenye kuitikiana. Mimi peke yangu nilikuwa siujui vizuri, maana shule nilitolewa mapema. Kwa hiyo niliujifunza mwaka ule, nina mwili wa gunia la mahindi, nyuma ya wanangu. Emanueli ndiye alikuwa mwanzishaji, na maneno alitunga mwenyewe.

"Mama yupo?"

"Yupo!"

"Yupo wapi?"

"Nyuma!"

"Atafika?"

"Atafika!"

Mzee Bura akitusikia alikuwa anaitikia huko huko ndani kwake, hajatoka kitandani. Watu wa Bagara wote waliitikia, ukawa mchezo wa mtaa. Na mimi nilikuwa nacheka. Nilidhani Emanueli amechagua maneno yale kwa sababu mimi mzito nabaki nyuma. Mtoto yule alikuwa anauliza kila alfajiri swali lile lile, barabarani, kwa sauti ya juu, na dada zake wanamjibu, na mimi mwenye kuulizwa nacheka. Nikiwaza hilo usiku huu mikono inaacha kuandika.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Asubuhi mbio za kuimba kabla ya kuwasha moto. Maharage yakiwa yanachemka, tunaruka kamba nyuma ya banda, Regina na Anjelina wanazungusha, mimi naruka, mpaka mteja mmoja aliuliza kama kuna ujenzi. Jioni wakirudi shule tunacheza rede uani. Mtu wa katikati anajaza mchanga kwenye chupa, huku wengine wawili wanamrushia mpira wa soksi, na mpira ukimgusa ametoka. Mwanzoni sikuweza hata kuinama kuchota mchanga. Anjelina alikuwa ananirushia polepole sana, unadondoka kabla haujafika, na Emanueli anamfokea, "Mrushie kweli, atakuaje?" Nilidhani amekosea kusema, maana anayekua ni mtoto, si mama. Regina aliificha chumvi. Niliitafuta nyumba nzima, nikanunua nyingine, nayo ikapotea. Makande ya nyumbani kwangu yakawa kama maji ya mvua, na watoto wanayala wakisema matamu. Siku nilizochoka nikasema leo hapana, Emanueli hakugombana, alikaa tu mlangoni na yeboyebo zake, na Anjelina alilia kilio kisicholingana na jambo lenyewe. Nilimpiga siku moja kwa kilio kile. Alilia, halafu akaniletea kanga ya kujifunga.

Ilikuwa Juni, wakati wa baridi, tulipokutana na kiboko. Kutoka Bagara ziwa si mbali, na viboko wakitoka usiku kula mashambani hurudi majini kabla ya jua, kwa hiyo hatukuwahi kushuka upande ule mapema. Siku ile ukungu ulikuwa mzito, tukaipita kona yetu bila kujua. Emanueli aliyekuwa mbele akaacha kuimba, akanyoosha mkono. Tukasimama. Mbele yetu, karibu kama ile nyumba ya jirani, kitu kikubwa cheusi kilikuwa kinakatisha njia, kinatembea bila haraka, mvuke unatoka mgongoni. Tulisikia tumbo lake linavyounguruma. Kilipita, nyasi zikafunga nyuma yake, kisha tukasikia maji. Nilichoshangaa kuliko kiboko ni kwamba nilikuwa nimemnyanyua Anjelina na nimembeba mgongoni, na kwamba nilikimbia naye kurudi mpaka mtaani, bila kusimama, na kifua changu kilikuwa kinapiga vizuri, kama ngoma ya mtu anayejua. Sikujua mwili wa mama unaweza kurudi. Nilidhani ukienda umekwenda.

Daktari Elibariki naye alishangaa kwa namna yake. Nilienda kupima Novemba, akapuliza kile kitambaa, akaangalia, akafungua, akafunga mkono wa pili. Halafu akaleta kipimo kingine kutoka chumba cha pembeni. "Vidonge endelea," akasema, "lakini na hicho kingine unachofanya, usiache." Nikarudi nikawaambia watoto wakati tunakula. Nilitegemea watacheka. Regina alinyanyuka akaenda uani, akakaa huko muda.

Shule zikafungwa. Jumamosi moja ya Desemba asubuhi wifi Marselina akateremka kwenye basi na mfuko, na ndani ya mfuko sare mpya ya Anjelina, imeshonwa na kupigwa pasi, sketi ya bluu na shati jeupe, tayari kwa shule ya Magugu. Baba Regina alikuwa nyumbani. Wifi akanisalimia, akaniangalia chini mpaka juu, akasema nimekonda, pengine ni ugonjwa. Sikubishana. Jumamosi ndiyo siku tuliyokuwa tunapanda miguuni mwa Mlima Kwaraa, si msituni, hapa chini tu, hadi kwenye mwamba wanapopumzikia wakata majani. Nikamwambia, "Wifi, twende wote. Tukirudi tutaongea." Akasema yeye si mbuzi. Baba Regina akasema, "Nenda, dada. Umekuja kuona, si ndiyo?" Ni maneno mengi kwa Baba Regina.

Tukaenda. Mvua zilikuwa zimeanza, njia ina utelezi, nyasi mbichi zinanukia. Watoto walitangulia, na ajabu, hawakuimba. Wifi alianza vizuri. Baadaye nikasikia hatua zake zinachelewa, nikageuka, nimemwacha mbali, amesimama ameshika goti. Nikashuka tena mpaka alipo, nikachukua mfuko wake, nikampa mkono. Aliushika mkono wangu, akauona ule wa kovu.

"Wewe ndiye uliyeanguka kwenye sufuria?" akasema, anahema.

"Ndiye mimi."

"Na sasa unanivuta mimi."

"Panda polepole, wifi. Hakuna anayetukimbiza."

Kwenye mwamba tukakaa. Mji wote ulikuwa chini yetu, mabati mapya ya mkoa yanang'aa kama samaki, ziwa limelala pembeni, na upande wa kaskazini bonde linashuka kwenda Magugu, limefunikwa ukungu. Wifi alikuwa amezaliwa milimani kule Mbulu lakini ameishi bondeni maisha yake yote ya ndoa, na nadhani alikuwa hajawahi kupaona mahali anapoishi kutoka juu. Akauliza, "Kwangu ni kule?" Regina akamwonyesha. Akaangalia sana. Ndipo Emanueli akaja akasimama mbele yake, mikono nyuma kama yuko mbele ya mwalimu.

"Shangazi, umemwona mama?"

"Nimemwona."

"Umemwona vizuri?"

Nikamkemea. Nikamwambia hivyo sivyo mtoto anavyoongea na mkubwa, aombe msamaha. Hakuomba. Alimkazia macho shangazi yake, na wale wasichana wawili nyuma yake wamesimama hawapumui. Mimi nikaona utovu wa adabu. Marselina, Mungu amlaze pema, nadhani yeye aliona. Akasema, "Nimemwona vizuri, baba."

Tuliporudi alikula wali, akaomba maji, akafunga kilemba chake. Basi la jioni lilikuwa karibu. Hakuna neno lililosemwa kuhusu Desemba wala kuhusu Mbulu. Alipofika mlangoni akafungua mfuko, akatoa ile sare, akampa Anjelina mikononi. Baba Regina akauliza kama si ya shule ya kule. Wifi akasema, "Bluu ya Magugu na bluu ya Babati ni bluu ileile. Avae hapahapa." Akaondoka peke yake na mfuko mtupu. Regina aliingia sekondari mwaka uliofuata. Emanueli Mbulu alikwenda likizo tu, na ng'ombe hawakumpenda.

Basi hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Mama Swaumu anasema Mzee Bura alibeba viti, si benchi. Regina anasema kiboko tulimwona Julai. Kama wewe ulikuwa miongoni mwa waliokuja na kuni na unga asubuhi ile, nami sikukutaja, au kama yule karani wa Bukoba hakuitwa Deogratiasi, niambie, nami nitabadilisha. Siku zote watu wamenisifu kwa kukumbuka majina, lakini siku hizi najihoji. Nimeishi miaka yote hii nikijua kwa hakika kwamba mwaka ule nilikuwa nawachezesha wanangu. Mtu aliyekosea kiasi hicho anaweza kukosea na majina pia.